Saa za Daraja la Njia ya Lingeka

Bariadi,
Alhamisi alasiri

Maduhu mwanangu,

Umeondoka sasa hivi kwenda Mwamapalala kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mpaka ule, kwa hiyo nina muda. Nguo zako nimeshazipanga. Habari za nauli, za kuchemsha maji na za kulala ndani ya chandarua sitaziandika. Umeishi bwenini tangu ukiwa mdogo na ukarudi mzima. Naandika juu ya jambo moja tu, lile ulilolisema jana uani.

Pengine hukujua kwamba nilisikia. Nilikuwa jikoni nachagua mchele, dirisha liko wazi. Baba yako mdogo Shija alikuwa amekalia kigoda chake, anawachekesha binamu zako kama kawaida yake.

"Mama daktari wa madaraja, mtoto naye daktari wa madaraja," alisema. "Sasa nani atabaki kutibu ng'ombe?"

Nawe ukamjibu, "Mimi siyo kama mama, baba mdogo. Mimi daraja sifungi. Grafu ikipiga kelele nitaipa dawa ya homa, ilale."

Wakacheka wote. Shija naye alicheka, kisha akageuka, akaniona dirishani. Akaanza kuulizia chumvi ambayo ilikuwa mbele yake. Mimi niliendelea kuchagua mchele.

Sikukasirika, na siandiki kukugombeza. Ukweli ni kwamba sikuhisi kitu. Watu hapa mtaani wanasema nimejikaza, na kanisani wamenitolea mfano, lakini sijajikaza hata kidogo. Ni kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu. Ukiugusa unajua ni wako, ila habari haifiki. Nakula, nalala, najibu salamu. Nilipokusikia jana nilichofanya ni kufikiri tu, kama mtu anayesoma mchoro wa mtu mwingine, nikaona kwamba maneno yako ni ya hatari. Kesho unakwenda Mbeya kwenye kazi ambayo siku moja itakuweka mahali pa kusema daraja lipitwe au lisipitwe. Ukienda na imani hiyo, kuna watu watakufa juu ya daraja lako, nawe utakuwa kijana mwema ambaye hakutaka kuwasumbua wananchi.

Kwa hiyo inanibidi nikueleze kisa chote tangu mwanzo. Wewe ulikuwa chuoni. Ulikipata vipande vipande msibani, kwa watu ambao nao walikuwa na vipande tu, na mimi sikuwa na sauti ya kuviunga.

Chuoni walikupa hesabu za jambo hili na najua sasa unazimudu kunishinda. Nivumilie hata hivyo. Kueleza ndiyo tabia yangu. Baba yako alikuwa akisema kwamba siku nikizikwa nitaanza kwa kumweleza mchimba kaburi jinsi ya kulaza jembe.

Daraja la njia ya Lingeka unalijua. Mwaka ule wa mvua kubwa maji yalikuwa yamekula udongo kwenye mguu wake mmoja, tukajaza mawe, lakini mimi sikulala vizuri tena juu ya mguu ule. Vilipopatikana vile visanduku vidogo tunavyoviita vihisi, vya kupima mtikisiko, nikaomba vifungwe pale. Tukavipanga safu mbili chini ya kingo, safu ya upande wa jua la mchana na safu ya upande wa kivuli. Juu ya nguzo tukaweka kisanduku kikuu, cha kukusanya habari zao kwa redio.

Kihisi kimoja peke yake hakijui kitu. Kinajua tu kwamba pale kilipo kimepanda, kimeshuka, kimepanda. Maana inapatikana ukikiuliza pamoja na mwenzake: wakati wewe unapanda, yule wa ng'ambo alikuwa anafanya nini? Kama vyote viwili vilipanda pamoja, daraja linapumua tu, ndivyo linavyopaswa likipitiwa na lori. Kama kimoja kilipanda huku mwenzake anashuka, daraja linajisokota, na daraja la zege likijisokota kuliko lilivyozoea kuna mguu umelegea chini ya maji. Kwa hiyo swali zima limelala kwenye maneno mawili: wakati uleule. Na vihisi vile havina waya wa kuviunganisha. Kila kimoja kina saa yake tumboni, kijiwe kidogo kinachotetemeka, na duniani hakuna vijiwe viwili vinavyotetemeka sawasawa. Kimoja kikiota jua na kingine kikibaki kivulini, ndipo vinaachana zaidi. Ndiyo maana kisanduku kikuu huviita mara kwa mara. Kinaita, kihisi kinajibu, kinapima mwito umechukua muda gani kwenda na kurudi, kinagawa kwa mbili, kisha kinakiambia kihisi saa yako imekwenda mbele kiasi hiki, irudishe.

Jambo hili mimi nililiona kwa macho kabla sijaliona kitabuni. Nilikuwa mgeni hapa, nimehamishwa kutoka Bukoba, sijui hata kujibu salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "mwangaluka". Baba yako akanipeleka shambani kwa bibi yako siku ya kulima kwa pamoja. Kikundi cha bugobogobo kilikuwa kimekuja, ngoma mbele, safu ndefu ya watu nyuma yake, majembe yanapanda na kushuka kwa wimbo. Nikasimama juu ya kichuguu nikaona kwamba majembe ya mwisho wa safu yanashuka nyuma kidogo ya yale yaliyo karibu na ngoma. Nikamweleza baba yako kwamba sauti inachukua muda kuwafikia wale wa mbali, kwa hiyo wao kwa masikio yao wako sawa kabisa na ngoma.

"Nshomile," akaniambia, maana hilo ndilo jina la utani alilotupa sisi Wahaya wote, "wale hawacheleweshwi na sauti. Yule wa mwisho ni mjomba wangu. Ni mvivu tangu ujana."

"Basi mlete karibu na ngoma tuone."

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chake, "huyo akisogea karibu na ngoma atacheza, hatalima."

Nadhani ndiyo siku niliyokubali kuolewa, ingawa nilimjibu miezi mingi baadaye. Nakuandikia haya ili ujue kwamba nilikuwa nayajua. Sikukosa elimu. Watu waliosema msibani kwamba mambo ya mashine ni mageni kwetu walikuwa wananihurumia bure.

Nilichokosea ni hiki. Redio inakula betri, na vumbi la barabara ile lilikuwa linazifunika sola zetu kila wiki. Betri mpya zilikuwa zinatoka mbali na kuchelewa. Vihisi viwili vilikuwa vimeshazimika. Nikaamua, mimi mwenyewe kwa kidole changu, kwamba badala ya kulinganisha saa kila baada ya dakika chache, tulinganishe mara moja kwa siku, alfajiri. Betri zikapona. Vijana wa ofisini wakanisifu. Nilirudi nyumbani nikamweleza baba yako kwa mchoro kwenye vumbi la uani, naye akasema, "Kwa hiyo umewaambia wapiga ngoma wapige asubuhi moja tu, halafu watu walime mpaka jioni wakikumbuka." Nikamwambia saa zile ni nzuri, zinakumbuka. Tukacheka.

Kwa wiki kadhaa hapakuwa na neno, kwa sababu nilikuwa natazama kumbukumbu za asubuhi. Kisha ikaja siku ya mnada. Unajua siku ya mnada daraja linavyobeba, ng'ombe kundi baada ya kundi, malori ya kuwasafirisha, watu wa nguo na masufuria. Ilikuwa msimu wa mvua lakini siku hiyo jua lilichoma tangu asubuhi. Jioni nikafungua kumbukumbu za alasiri, kwa kuwa mzigo ulikuwa mkubwa. Daraja lilikuwa linajisokota. Safu ya upande wa jua inapanda, safu ya upande wa kivuli inashuka, wazi kabisa, kama picha ya kitabuni.

Sikujiuliza kuhusu saa. Hapa ndipo ningependa usome polepole. Sikujiuliza kwa sababu mchoro ulikuwa unasema kitu nilichokuwa nimekiogopa kwa muda mrefu. Ungeniambia daraja ni zima kuliko nilivyodhani, ningeuchunguza mpaka mwisho, ningepekua betri, saa na skrubu. Lakini ulikuja na hofu yangu mwenyewe mkononi, nikaupokea kama mgeni niliyekuwa namtegemea. Nikampigia mkuu wangu, akaniambia amua wewe uliye karibu, nikaamua. Jioni hiyohiyo tukaweka mapipa na miiba pande zote mbili, kibao chekundu, na mlinzi. Nikarudi nyumbani nikiwa mtu aliyefanya kazi yake.

Asubuhi, baba yako alikuwa anakunywa uji amesimama, kama mtu mwenye safari. Shija alikuwa amempigia simu kutoka Lingeka kwamba ng'ombe wake wawili wa plau wanaumwa, amletee dawa.

"Injinia amefunga barabara," akasema. "Sasa mume wa injinia apite wapi?"

"Apitie njia ya kuzunguka."

"Kwa pikipiki? Nitafika ng'ombe wameshakuwa supu."

"Basi akae nyumbani atulie."

"Nitavukia mtoni, kule mchangani. Nimevuka pale tangu nachunga ndama, wewe uko Bukoba unakula senene."

Nikacheka, nikatafuta funguo zangu. Nilikuwa nachelewa ofisini kuandika taarifa ya kufunga daraja. Maneno yangu ya mwisho kwake yalikuwa, "Usisahau kufunga kuku." Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi kutafuta kama yana uzito. Hayana. Yalikuwa ya kuku.

Yaliyotokea mtoni niliyapata kwa Shija, mara moja tu, naye hajayarudia wala mimi sijamwuliza. Alikuwa amesimama ng'ambo kumpokea. Mto ulikuwa mchanga mtupu na kijito cha kufika magotini. Juu ya Bariadi hapakuwa na wingu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku huko juu, Meatu, sisi tusisikie hata ngurumo. Baba yako aliegesha pikipiki, akavua viatu, akaingia, na walikuwa wengi wanaovuka, maana daraja limefungwa. Alipofika katikati alikuwa anampigia Shija kelele, anamwambia ng'ombe wako wananipenda kumzidi mke wangu. Shija alikuwa anatafuta jibu. Anasema mafuriko aliyasikia kabla ya kuyaona, akadhani ni lori. Wengine walikuwa karibu na ukingo wakatoka. Mama mmoja alimwacha mbuzi wake akatoka. Baba yako alikuwa katikati.

Tulimpata siku iliyofuata, chini zaidi. Haya unayajua, ulifika kuzika.

Msiba ulipokuwa bado umejaa uani, mimi niliingia chumbani nikafungua kompyuta. Ndugu walidhani nimelala. Sikuwa natafuta kosa. Mikono ilitaka kazi tu. Nikazipanga siku zote tangu nilipobadilisha mpango, alfajiri mpaka jioni, na nikaona. Kila alfajiri daraja limenyooka. Kadiri jua linavyopanda linaanza kujisokota. Jioni limesokotwa. Alfajiri inayofuata, baada ya mwito, limenyooka tena. Hakuna daraja duniani linalougua kila mchana na kupona kila alfajiri. Zilikuwa saa. Upande wa jua ulikuwa umeachana na upande wa kivuli kwa muda usiotosha kupepesa jicho, na huo ukatosha. Baadaye walikuja wataalamu na lori la kokoto, wakalipitisha taratibu, wakapima kwa vyombo vyao. Daraja lilikuwa zima, na lile ni zima mpaka leo unapolipita.

Nilifunga kompyuta nikatoka kuwasalimu waliokuja. Mzee mmoja akanishika mkono akaniambia, "Pole mayu, ni mapenzi ya Mungu." Nikamwambia asante. Hapo ndipo ganzi ilipoanza, au pengine ndipo nilipoigundua.

Sasa, baba, nakuja kwenye neno lako la jana. Najua umelitoa wapi. Umehesabu hivi: mama aliamini mchoro, mchoro ulikuwa wa uongo, daraja likafungwa, baba akaingia mtoni. Kwa hiyo lisingefungwa, baba angekuwa hai. Hesabu hiyo ni sahihi. Sina namna ya kuipinga na sitajaribu. Mimi mwenyewe naifanya kila nikiamka, na kila siku inatoa jibu lilelile.

Lakini hiyo ni hesabu ya mtu anayejua mwisho. Wewe kule hutaujua mwisho. Utakuwa umekaa jioni mbele ya mchoro, siku ya mnada imekwisha, kesho asubuhi kuna basi la wanafunzi, na mguu wa daraja uliwahi kuliwa na maji. Utakachokuwa nacho ni mchoro na saa moja ya kuamua. Ukiniuliza mimi, mjane wa daraja lile, kama ningerudishwa kwenye kiti kile jioni ile, na mchoro uleule, bila kujua ninachokijua leo, ningefanya nini, jibu langu ni kwamba ningelifunga. Nimeliandika neno hili na nimelisoma tena bila kulifuta, sijui kama hiyo ni nguvu au ni ile ganzi. Lakini ni kweli. Mimi sijutii kufunga.

Ninachojutia ni mambo mawili, na hayalingani uzito.

La kwanza ni saa. Nilikuwa na uwezo wa kuamuru kisanduku kikuu kiite palepale, vihisi vijirekebishe, kisha nipitishe lori moja usiku uleule na kupima upya. Ingenigharimu betri kidogo na usingizi. Kosa hili naweza kulitazama. Ni kosa la kazi. Wewe hutalifanya kwa sababu sasa unalijua, utafanya lingine.

La pili ni mchanga. Nilijua watu wanavukia pale. Kila mtoto wa huku anajua. Lakini kwenye ramani ya ofisi kivukio kile hakikuwapo, kwa sababu si barabara, na kisichokuwa barabara si kazi yangu. Nikaweka mapipa juu ya daraja, nikaweka miiba, nikaweka mlinzi alinde zege tupu, na mtoni sikuweka mtu. Nilifunga daraja nikadhani nimefunga safari. Safari haifungwi, Maduhu. Ng'ombe wa Shija walikuwa wagonjwa hivyohivyo, na dawa ilikuwa huku. Niliwaondoa watu mahali nilipokuwa napapima kila sekunde, nikawapeleka mahali ambapo sikuwa na kihisi hata kimoja, wala mtoto wa kupiga filimbi. Baba yako aliniambia kwa kinywa chake atapita wapi, na mimi nikatafuta funguo.

Hilo siwezi kulitazama kwa muda mrefu. Nalitazama kidogo, kisha naenda kufagia.

Usimchukie Shija kwa kucheka jana. Anacheka ili asisimame tena ukingoni. Na wewe, sikuombi uniambie kwamba si kosa langu. Umekuwa ukizungukazunguka humu ndani mwezi mzima ukitafuta namna ya kulisema, naona, na naomba upumzike. Ninachokuomba ni kimoja tu, kwamba usimlipie baba yako kwa kuwaacha watu wa Mbeya juu ya daraja bovu. Yeye hakuwa mtu wa kulipiwa hivyo.

Siku hiyo itafika, kwenye kazi yetu hufika. Usinipigie simu kuniuliza, maana nitakuwa mbali na sitaona unachokiona. Funga kwanza. Linganisha saa, pima tena, na huku unasubiri majibu teremka wewe mwenyewe mpaka chini, utafute mahali ambapo watu watavukia, kwa sababu watavuka. Kaa hapo. Watakutukana. Watakuuliza mashine imekuambia nini, wewe kijana wa kuja. Wajibu kwa heshima, usiondoke. Na mmoja wao atakuwa mcheshi, atakuwa na haraka, atavua viatu huku akikuchekesha. Mcheke, lakini mshike shati.

Mama yako